Mke yuko kazini, mume yuko likizo: miezi mitano Thailand ipangwe vipi?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Mke wangu anatengeneza programu za kompyuta kwa kampuni moja ya London, anafanyia kazi nyumbani kwa mkataba wa mshauri, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwa saa za kwao. Shule imenikubalia likizo bila malipo kuanzia Novemba 2026 mpaka mwisho wa Machi 2027. Bosi wake ameshamwambia hana tatizo akifanyia kazi nchi nyingine. Hatujapata mtoto bado. Tunataka kwenda Thailand, na tukiweza Malaysia, tuishi huko polepole badala ya kukimbizana na vivutio. Mimi nimepanga miji tisa, mwenzangu anasema ni mingi mno. Sisi ni Waislamu na Ramadhani itatukuta huko. Tuanzie wapi, na tufanyeje tusije tukarudi tumenuniana?"

Marahaba, mdogo wangu. Wifi yangu amesema kweli. Miji tisa kwa miezi mitano ni kuhama kila baada ya wiki mbili na kitu, na anayelipia kuhama huko kwa usingizi wake ni yeye. Hesabu uhamaji mmoja tu. Ijumaa mnafunga mizigo huku ana mkutano wa mwisho wa wiki. Jumamosi mko stendi na kwenye basi. Jumapili mnatafuta laini za simu, maji ya kunywa na soko. Jumatatu anakaa mezani kwenye kiti asichokizoea, na intaneti ambayo hajui itamwangusha saa ngapi. Wewe utakuwa umeuona mji mpya, yeye ameona barabara na dari. Chukueni makao mawili, na la tatu liwe la mapumziko ya mwishoni.

Kabla ya ramani, kaeni na saa. Ninyi mmezoea kwamba saa tatu asubuhi ya London wakati wa baridi ni saa sita mchana ya Dar. Thailand iko mbele yetu kwa saa nne, kwa hiyo kazi yake itaanza saa kumi jioni na kwisha saa sita usiku. Malaysia iko mbele zaidi kwa saa moja: saa kumi na moja jioni mpaka saa saba usiku. Na kalenda yake ya kazi ibaki kwenye saa za London, zimeandikwa kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Nimeshaona watu wakikosa mikutano kwa sababu mmoja aliandika "saa 4" akimaanisha yetu na mwenzake akaisoma ya Kizungu.

Zamu hiyo ya jioni ina baraka yake. Akilala saa saba usiku na kuamka saa tatu asubuhi, kuanzia hapo mpaka saa tisa alasiri siku ni yenu wawili, jua likiwaka, masoko yakiwa wazi. Watu wengi waliohamia nchi ambazo saa za kazi zinaangukia mchana hawapati hata robo ya hapo. Lakini angalia upande wa pili. Wewe mwalimu utaamka alfajiri kama ulivyozoea, na kuanzia saa kumi jioni utakuwa peke yako kwa saa nane, siku tano za wiki, kwa miezi minne hivi. Ugomvi unaouogopa hukaa kwenye saa hizo nane, na ndiyo maana nitakaa hapo kidogo.

Mimi na mume wangu tulianza maisha haya Chiang Mai, yeye akiwa na kazi ya kampuni ya Ulaya na mimi nikiwa nimeacha ya kwangu. Tulikodi chumba kimoja kizuri, kitanda na meza na jiko dogo pembeni, picha zake kwenye mtandao zilituvutia sana. Siku ya kwanza ya kazi alipowasha kamera, nyuma yake ndiyo nilikuwa nimekaa kitandani nikimenya embe. Nikahamia bafuni. Nilifunika ndoo kwa taulo, nikakaa juu yake na simu, mlango nimeurudisha, huku nikimsikia akicheka na wenzake. Sikuweza kukaanga kitunguu kwa sababu ya mlio, wala kuoga. Saa sita usiku alipofunga kompyuta alikuwa na njaa, mimi nina usingizi, na vyombo vya mchana viko kwenye sinki. Akauliza, kwa upole kabisa, mbona sijaviosha na nilikuwepo siku nzima. Hatukusemeshana mpaka kesho yake mchana. Wiki ya tatu tukavunja mkataba, tukapoteza amana, tukahamia nyumba ya chumba na sebule yenye mlango katikati. Ule mlango ulitufaa kuliko kitu chochote tulichokinunua katika safari hiyo.

Kwa hiyo nyumba yenu iwe na vyumba viwili vinavyofungika, hata kama ni mbali kidogo na katikati ya mji. Msilipie mwezi mzima kwa kutazama picha. Lipieni siku sita au saba za nyumba ya wageni, kisha mzunguke kwa miguu asubuhi mkitazama. Kwa Chiang Mai, nyumba ya chumba na sebule kwa msimu huo itafuteni kati ya baht 12,000 na 20,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba atataka amana ya mwezi mmoja au miwili. Mkiingia kuitazama, wifi akae kwenye kile kiti atakachokifanyia kazi, awashe kompyuta, ampigie mtu simu ya video ya dakika ishirini. Kipimo cha kasi ya intaneti peke yake hakitoshi, maana ruta inaweza kuwa koridoni na ukuta mnene uko katikati. Muulize mwenye nyumba bei ya umeme kwa uniti: huko hakuna LUKU, mnasomewa mita mwisho wa mwezi, na wapangishaji wengi huongeza chao juu ya bei ya shirika la umeme. Piga picha mita siku mnayoingia. Kiyoyozi kinachounguruma zamu nzima ya kazi kitaonekana kwenye bili.

Sasa wewe. Tafuta jambo la jioni lenye siku na saa yake, lenye watu wanaokutegemea uje. Darasa la Kithai la mara tatu kwa wiki ni zuri kuliko yote, maana linakupa marafiki na linawasaidia wote wawili sokoni. Kuna madarasa ya upishi, kuna viwanja vya mpira, kuna masoko ya usiku. Ila ninakuonya kwa sababu wewe ni mwalimu: utaombwa kufundisha Kiingereza, pengine bure, na moyo utakuvuta. Usikubali. Sheria ya Thailand inahesabu hata kazi ya kujitolea kuwa kazi, na inataka kibali cha kazi. Viza nitakayowaelekeza hapa chini haikupi kibali hicho.

Mambo ya nyumbani yaandikeni kabla ya kuondoka: nani anapika siku gani, nani anaosha, nani anashughulika na uhamiaji na tiketi. Kwamba huna mshahara miezi hiyo hakukufanyi wewe mtumishi wake, na yeye naye asigeuke mfadhili anayeombwa ruhusa ya kila kahawa. Wekeni fungu la matumizi ya pamoja, na kila mmoja awe na hela yake ya mkononi isiyoulizwa, kiasi sawasawa. Najua pia kuna maneno yatakayokufikia ya mwanamume aliyeacha kazi akamfuata mke. Yatakuja kwenye kundi la ukoo, tena kwa mzaha. Zungumzeni sasa mtajibu nini, au kwamba hamtajibu, ili siku ukiyasoma uko peke yako sebuleni saa tatu usiku yasikuingie ukamlipizia mwenzako.

Tuje kwenye njia. Kaskazini ya Thailand, Novemba mpaka Januari ni majira ya baridi nyepesi, mvua zimekwisha, asubuhi utavaa sweta. Kuanzia Februari mashamba na misitu huanza kuchomwa, moshi hujaa bondeni, na ifikapo Machi Chiang Mai huwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Kwa hiyo kaeni Chiang Mai tangu mwanzo wa Novemba mpaka mwisho wa Januari, kisha shukeni kusini pwani ya Bahari ya Andaman, ambako mvua kubwa ni za Mei mpaka Oktoba na miezi yenu ni ya ukavu.

Hameni Jumamosi ya tarehe 30 Januari. Msingoje wiki inayofuata, maana tarehe 6 Februari 2027 ni Mwaka Mpya wa Kichina na bei za ndege na vyumba hupanda kote huko. Na Novemba, mwezi ukiwa mpevu, Chiang Mai kuna sikukuu ya taa na vikapu vya maua vinavyowekwa mtoni. Ni nzuri mno, lakini vyumba hujaa, kwa hiyo mkataba wa nyumba muwe mmeshausaini kabla yake.

Kusini nawapendekezea Ko Lanta, kisiwa cha mkoa wa Krabi. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, misikiti iko njiani kote, chakula halali hakitafutwi. Mtakuta nazi kwenye kila mchuzi, samaki wa kuchoma, na roti inayokandwa na kurushwa hewani, ndugu kabisa wa chapati yetu. Mtu wa Tanga hahisi ugeni mezani pale. Umeme kisiwani hukatika mara moja moja, kwa hiyo awe na laini za mitandao miwili tofauti na simu inayoweza kumrushia intaneti. Chiang Mai nako msihofu: karibu na msikiti wa Ban Haw kuna soko la Ijumaa asubuhi la Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, na kwenye vibanda vya mtaa ule mtapata khao soi, tambi kwenye mchuzi wa nazi, ya kuku au ya ng'ombe.

Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari 2027, kwa kutegemea mwandamo, kwa hiyo itawakuta Ko Lanta. Magharibi huko wakati huo ni saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, saa mbili na nusu ndani ya zamu yake. London ni saa tano na nusu asubuhi. Aombe mapema, tangu mwezi wa Januari, mapumziko yake ya mchana yasogezwe yaangukie hapo, nusu saa tu, afuturu akiwa amekaa. Meza iwe tayari anapofungua mlango. Hiyo ni kazi yako na utaipenda. Usingizi wake utagawanyika: anamaliza saa sita usiku, analala, mnaamka daku kabla ya saa kumi na moja na robo, halafu baada ya Alfajiri analala tena mpaka saa nne. Mwezi huo msipange matembezi ya asubuhi.

Malaysia iwe mwisho, na iwe likizo yake ya mwaka, kompyuta imefungwa begini. Nina sababu. Pasipoti ya Tanzania inaingia Malaysia kwa utalii bila kuomba viza kabla, lakini kuingia kwa utalii si ruhusa ya kufanya kazi. Wana kibali chao cha wanaofanya kazi za mtandaoni, DE Rantau, tangu 2022, ila ni cha miezi 3 mpaka 12, hakiwafai ninyi wa wiki mbili. Ondokeni Ko Lanta Jumamosi ya tarehe 6 Machi, ndege kutoka Krabi mpaka Kuala Lumpur, halafu treni ya umeme mpaka Butterworth na kivuko mpaka George Town, Penang. Idi itakuwa karibu tarehe 10. Tiketi za treni mnunue zikianza tu kuuzwa, kwa sababu wiki ile Malaysia nzima inarudi vijijini, wenyewe wanaita balik kampung. Fikiria basi za Moshi wiki ya Krismasi.

Viza ya Thailand ndiyo ya kuanza nayo. Sisi Watanzania tunaomba kabla ya kusafiri, na maombi hufanywa mtandaoni. Viza ya utalii ya siku 60, inayoongezeka siku 30 kwa ada ya baht 1,900, haiwafai: haifiki miezi minne, na haikuandikwa kwa mtu anayefanya kazi. Ombeni ile iliyoanza Julai 2024 inayoitwa DTV. Ni ya miaka 5, kila mkiingia mnapewa siku 180, na inamtambua mtu anayefanya kazi kwa mwajiri au wateja walio nje ya Thailand, pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Ada ni baht 10,000 kwa mtu, baadhi ya balozi zikitoza tofauti. Kikwazo ni kuonyesha akiba ya baht 500,000, takriban dola 15,000, kwa taarifa za benki. Cheti cha ndoa kitafsiriwe Kiingereza na kithibitishwe mapema, maana ombi lako wewe linasimama juu yake. Mkiwa ndani ya nchi, mwenye nyumba anatakiwa kuwaandikisha uhamiaji ndani ya saa 24, mdai karatasi yake. Na kwa kuwa mtapitisha siku 90 mfululizo, lazima mripoti uhamiaji zikitimia. Kila siku ya kuzidisha muda ina faini ya baht 500, na doa kwenye pasipoti ni baya kuliko faini.

Hilo la bosi "ameshamwambia hana tatizo", mdogo wangu, halitoshi. Bosi wa karibu si kampuni. Siku akibadilishwa, au mtu wa usalama wa mifumo akiona kompyuta inaingia kutoka Thailand, wifi atakuwa hana karatasi ya kuonyesha. Aombe barua inayotaja nchi, tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi, na kwamba kompyuta yao inaruhusiwa kusafiri. Ubalozi nao utaitaka barua ya namna hiyo. Akishauriwa na yeyote atumie programu za kuficha mahali alipo, akatae. Nimeona mkataba wa mtu ninayemfahamu ukivunjwa kwa hilo, ilhali angeomba angekubaliwa.

Kodi haitawasumbua kwa mpango huu. Thailand humhesabu mtu mkaazi wa kodi akifikisha siku 180 ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, na ninyi mtakuwa na kama 60 mwaka 2026 na kama 65 mwaka 2027. Nyumbani mambo hayabadiliki: mwenye makazi ya kudumu Tanzania na akawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka bado ni mkaazi kwa kodi, kwa hiyo ritani zake TRA ziendelee kama kawaida.

Kuna fedha moja ambayo wapangaji wa safari wa Kizungu hawaiandiki, nami siachi kuisisitiza: fedha ya msiba. Tengeni thamani ya tiketi mbili za kurudi ghafla, iwe kwenye akaunti isiyoguswa. Na mzungumze mapema, kwa majina, nani akitangulia mnarudi wote, nani akiugua anarudi mmoja. Mazungumzo haya ni mazito, lakini kuyafanya usiku wa manane mkiwa Chiang Mai, mmoja analia na mwingine anatafuta tiketi kwa simu, ni mazito zaidi. Michango ya harusi na hela ya matumizi ya kila mwezi kwa wazazi iandikeni kwenye bajeti kama kodi ya nyumba, na mwachie ndugu mmoja mwaminifu funguo na mamlaka ya kuamua mambo madogo.

Bima iwe ya safari ndefu, isomeni inasemaje juu ya pikipiki. Huko kila mtu atawakodishia skuta bila kuuliza leseni, nao wanaendesha kushoto kama sisi, ndiyo maana Watanzania hujiamini. Lakini bila leseni yenye daraja la pikipiki na kibali cha kimataifa, bima hailipi hata bandeji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano mtaulizwa Thailand, na Malaysia pia mnaweza kuulizwa. Ukishachanjwa ni ya maisha. Fomu za kuwasili hujazwa mtandaoni siku tatu za mwisho kabla ya kufika, Thailand na Malaysia pia. Mashine za benki za Thailand hukata kama baht 220 kila unapotoa kwa kadi ya nje, kwa hiyo toeni kiasi kikubwa kwa mara moja.

Soketi za Thailand si zetu, za Malaysia ni za pini tatu bapa kama hizi za kwetu. Bebeni ekstensheni moja ya nyumbani, ndefu, na kichwa kimoja cha kubadilishia, ili meza ya wifi iweze kukaa upande wa pili wa mlango hata kama soketi iko upande wako.